Kuku wa Udongo Kwenye Runinga Mpya: Mbona Picha Inakwamakwama?

Tangu Desemba 2023 kuku wale wa filamu ya udongo ya mwaka 2000, Chicken Run, wamerudi midomoni mwa watu. Mwezi huo Netflix ilitoa mwendelezo uitwao Chicken Run: Dawn of the Nugget, na wazazi wengi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru waliokuwa watoto au vijana mwaka 2000 wakakumbuka kwamba ile ya kwanza wanayo mahali fulani: diski ya DVD ndani ya kasha lililopasuka, au faili kwenye flash iliyojazwa duka la muvi zamani. Likizo ikifika diski inatolewa, watoto wanaketi, na malalamiko yanaanza. "Hii kitu inakwamakwama." "Mbona kuku wana alama za vidole usoni?" "Mtandaoni wanasema ni dakika 84 na yetu imeisha mapema, walikata." Siku hizi limeongezeka lingine, la watoto wenyewe: "Si hii ni AI tu?"

Naipenda filamu hii, na inaniuma nikisikia mtu ameizima nusu akidhani diski imeoza. Mengi yanayodhaniwa kuwa kasoro ndiyo filamu yenyewe. Kasoro ya kweli ipo, lakini mara nyingi imekaa ndani ya runinga mpya ukutani, na hakuna anayeishuku kwa sababu ndiyo iliyonunuliwa juzi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Filamu ya udongo hutengenezwa kwa visanamu vinavyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja moja. Mbele ya kamera hakuna kinachotembea. Mhuishaji, yaani fundi anayevipa visanamu uhai, anainua bawa la kuku kiasi kidogo sana, anaondoa mkono, picha inapigwa. Anarudi, anainua tena kidogo, anatoka, picha nyingine. Picha hizo zikionyeshwa mfululizo kwa kasi, jicho linaona kuku anapunga bawa. Kila aliyepitia shule ya msingi amewahi kuchora mtu wa vijiti kwenye kona ya daftari, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaziachia kurasa zipite haraka chini ya kidole gumba na yule mtu akakimbia. Filamu ya udongo ni daftari hilo hilo, tofauti ni kwamba kila ukurasa una taa zake, vivuli vyake, na kuku wa kushikika.

Filamu za sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Chukua dakika 84, zidisha kwa sekunde 60, kisha kwa 24, unapata takriban picha 120,000. Mhuishaji akimaliza sekunde mbili au tatu za filamu kwa siku nzima, siku hiyo imekwenda vizuri. Ndiyo maana kazi kama hii haifanyiki na watu wawili chumbani. Chicken Run ilitengenezwa na studio ya Aardman ya mji wa Bristol, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Peter Lord na David Sproxton. Lord ndiye aliyeiongoza filamu pamoja na Nick Park, na ilikuwa filamu ya kwanza ndefu ya studio hiyo. Vyumba vingi vya kupigia picha vilifanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja na kipande chake cha hadithi. Kwa hiyo Ginger, yule kuku mwenye kofia ya kijani anayepanga njama zote za kutoroka, hakuwa kisanamu kimoja. Walikuwapo akina Ginger wengi, kila mmoja kwenye meza yake.

Tena hawakulingana kwa ukubwa. Kama Ginger wa kawaida angesimama karibu na Bi. Tweedy, mwenye shamba, basi Bi. Tweedy angelazimika kuwa sanamu kubwa mno, isiyobebeka wala kusogezeka. Kwa hiyo picha zinazowaonyesha binadamu na kuku pamoja zilitumia kuku wadogo zaidi. Ukiitazama leo hutagundua, na hilo linaonyesha kazi ilifanywa kwa uangalifu gani.

Udongo gani huo?

Hapa ndipo watu wa kwetu huuliza swali zuri, kwa sababu udongo tunaujua. Ukipita barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi utaona vyungu vimepangwa kando ya lami, vya maji, vya kupikia na vya maua. Je, udongo ule ungefaa? Haungefaa, na sababu ni maji. Udongo wa mfinyanzi hulainishwa kwa maji, na maji yakikauka unakuwa mgumu, unapasuka usipotunzwa, kisha unachomwa ili usirudi kuwa tope. Mfinyanzi wa Ilesi anataka chombo kibaki vile alivyokiacha. Mhuishaji anataka kinyume chake: kitu kitakachokubali kubadilishwa sura kesho na keshokutwa, wiki nzima chini ya taa kali, bila kukauka.

Kitu hicho ni plastisini, ile ile ambayo shule huwaandikia wazazi wa watoto wa chekechea, PP1 na PP2, kwenye orodha ya mahitaji. Ilibuniwa mwaka 1897 na William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, si mbali na Bristol. Alitaka wanafunzi wake wapate kitu cha kufinyanga kisichokauka upesi. Badala ya maji, ndani yake mna mafuta mazito ya jamii ya yale tunayojipaka ngozini, yakichanganywa na unga wa chokaa. Mafuta hayakauki kama maji. Lakini yana tabia yake: joto likizidi plastisini inalegea, na mtoto aliyeiacha dirishani Kisumu saa nane mchana anajua inavyokuwa.

Mwaka 2023 ilienea habari kwamba kiwanda cha Devon kilichokuwa kikiiuzia Aardman plastisini kimefungwa, na kwamba filamu hizi zimefika mwisho kwa kukosa udongo. Kiwanda kilifungwa kweli. Mwisho wa filamu haukuja. Studio ilisema ina akiba ya kutosha na inapanga kupata nyingine, na Desemba 2024 ikatoa filamu nyingine ndefu ya Wallace na Gromit, yule mtu na mbwa wake wa udongo. Anayekuambia udongo umeisha amesoma kichwa cha habari akaishia hapo.

Kuna dhana moja ambayo hata wapenzi wa filamu hizi wanayo: kwamba kila unachokiona ni udongo. Sivyo. Kiwiliwili kizima cha udongo ni kizito, na miguu ya kuku ni myembamba kama kijiti. Ndani ya kila kisanamu kuna mifupa ya chuma yenye viungo vinavyokaza, na kuku wa Chicken Run walivishwa miili ya silikoni, mpira laini unaopindika bila kuacha alama. Udongo ulibaki pale unapohitajika zaidi, hasa kichwani, kwa sababu uso ndio unaobadilika kila wakati. Sasa watazame kuku wale shingoni. Karibu wote wamejifunga skafu au wamevaa shanga. Kwa mtoto ni urembo. Kwa fundi ni kifuniko cha mahali kichwa cha udongo kinapokutana na mwili wa silikoni. Tangu nijue hilo, skafu ya Ginger ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kila filamu ya visanamu ni filamu ya udongo. The Nightmare Before Christmas ya 1993 na Coraline ya 2009 zilisogezwa kwa mkono vile vile, picha kwa picha, lakini visanamu vyake ni vya mpira na silikoni, na nyuso za Coraline zilichapwa kwa mashine. Ukitaka filamu ambayo udongo ndio karibu kila kitu, hadi bahari na mawingu, itafute The Adventures of Mark Twain ya 1985, kazi ya Mmarekani Will Vinton na studio yake ya Portland. Inapatikana kwenye DVD. Hiyo lakini itazame na watoto wakubwa, kwani ina kipande kimoja cha kutisha ambacho mtoto wa miaka mitano hatalala nacho.

Sekunde moja ya Ginger

Chukua sekunde moja tu Ginger akisema neno. Sauti ilirekodiwa kabla. Julia Sawalha, mwigizaji wa Uingereza, alishasimama mbele ya maikrofoni na kusema maneno yote ya Ginger kabla mhuishaji hajagusa udongo. Sauti hiyo ikasikilizwa na kugawanywa vipande vidogo, na kwenye karatasi ikaandikwa: picha ya kwanza mdomo umefungwa, ya tatu umeanza kufunguka, ya saba uko wazi kwa sauti ya "o". Mhuishaji anafanya kazi akiwa na karatasi hiyo pembeni. Ana kisanduku cha midomo iliyokwisha kufinyangwa, mmoja wa "a", mmoja wa "m", mmoja wa tabasamu. Anaubandua uliopo, anabandika unaofuata, kisha analainisha kwa kidole ile mistari ya kiungo ili uso uonekane mzima.

Kidole hicho ndicho kinachoacha alama. Mwanga ukipiga ubavuni mwa shavu unaziona: mistari myembamba ya ngozi ya binadamu, na picha inayofuata imehama kidogo, kwa sababu uso umeguswa tena. Ndiyo maana ngozi ya visanamu hivi huonekana kama inatetema hata mhusika akiwa kimya. Aardman wangeweza kuzifuta zaidi ya wanavyozifuta. Wameamua kuziacha, na ni uamuzi ninaouheshimu. Unapoona alama ya kidole kwenye shavu la Ginger, unaona mahali ambapo mtu alimgusa mchana mmoja huko Bristol. Diski yako haina doa.

Kukwamakwama kunatoka wapi?

Hapa ndipo kwenye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Filamu ina picha 24 kwa sekunde, lakini kusogeza kisanamu mara 24 kwa kila sekunde ni kazi isiyo na mwisho. Kwa hiyo mara nyingi wahuishaji hupiga picha mbili za kila mkao. Mikao inakuwa 12 kwa sekunde, na picha zinabaki 24. Kuku akitembea polepole, 12 zinatosha. Akikimbia au kamera ikisogea, wanarudi 24, la sivyo jicho litalalamika. Mchanganyiko huo ndio unaozaa mwendo wa filamu za udongo, mwendo wa kudokoa hivi, wenye uzito kidogo. Ukilinganisha na katuni za kompyuta zinazoteleza kama maji, unaweza kudhani kitu kimekwama. Hakijakwama. Ndivyo ulivyoonekana kwenye sinema mwaka 2000.

Tatizo ni runinga. Runinga kubwa za siku hizi huonyesha picha mara 50, 60 au hata 120 kwa sekunde, na nyingi zina kifaa cha kulainisha mwendo. Kazi yake ni hii: inapokea picha ya kwanza na ya pili, inakisia ni nini kingekuwa katikati, inachora picha ya kubuni na kuipachika hapo. Kwa mpira wa miguu ni msaada. Gor Mahia wakicheza, mpira unaokwenda kasi unaonekana wazi zaidi. Kwa filamu ya udongo ni hasara tupu. Runinga inapewa mkao mmoja mara mbili, kisha mkao mpya mara mbili. Inakisia, inateleza, inasimama, inakisia tena. Kwa hiyo kuku anateleza kama yuko kwenye barafu, halafu anakwama, halafu anateleza. Ukingoni mwa mabawa unaona ukungu unaotokea na kutoweka. Ule mwendo wa kudokoa uliokuwa na mpangilio sasa umevurugika, na mtazamaji anasema diski ni mbovu.

Na hata pale runinga inapokisia sawasawa, bado inakosea. Mhuishaji alikaa akaamua kwamba kati ya mkao huu na ule hapatakuwa na kitu. Alitaka Rocky, yule jogoo wa filamu hii, ashtuke kwa ghafla. Runinga inajaza pengo hilo kwa picha ambazo hakuna mkono uliozifinyanga, na mshtuko unakuwa mteremko laini. Wenye sinema wenyewe wamelalamikia jambo hili. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video ya kuwaomba watu wazime kifaa hiki nyumbani, na wao wanatengeneza filamu za watu wa kweli. Kwa udongo madhara ni makubwa zaidi.

Kukizima ni kazi ya dakika moja. Shika rimoti, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya picha. Kwenye LG kinaitwa TruMotion. Kwenye Sony ni Motionflow. Kwenye Samsung ni Auto Motion Plus, au Picture Clarity kwa zile mpya zaidi. Kwa runinga za aina nyingine tafuta jina lolote lenye neno Motion hapo kwenye picha, uweke Off. Runinga nyingi zilizotoka baada ya 2019 zina pia mpangilio uitwao Filmmaker Mode, ambao huzima vikorombwezo vyote kwa pamoja. Ukiwa bado humo, toka kwenye ule wa Vivid ambao maduka huuwasha ili runinga ing'ae dirishani: unaunguza rangi na kuweka mistari myeupe kandokando ya kila kitu. Runinga ndogo za bei nafuu mara nyingi hazina kifaa hiki kabisa. Ndiyo maana pale Kisumu utasikia mtu wa mtaa wa kawaida wa Nyalenda akiapa kwamba filamu iko sawa kwake, na nduguye wa mtaa wa kitajiri wa Milimani mwenye skrini ya inchi 65 akiapa kwamba imeharibika. Wote wawili wanasema kweli.

Wamekata? Wamenenepa?

Hili la dakika ni fupi. Kenya, kama Uingereza, ilifuata mfumo wa runinga uitwao PAL, ambao huonyesha picha 25 kwa sekunde. Filamu ina 24. Njia rahisi iliyotumika kwenye kanda za VHS na DVD za mfumo huu ni kuiharakisha filamu yote kidogo, asilimia 4 hivi, hadi zitimie 25. Filamu ya dakika 84 inakwisha kwenye dakika ya 81. Hakuna kilichokatwa. Ila sauti zinapanda kidogo, na mwenye sikio la muziki atasikia Rocky ana sauti nyembamba kuliko ilivyo kwenye Blu-ray, ile diski iliyokuja baada ya DVD.

Kama kuku wanaonekana wanene na vichwa vimepanuka, chanzo ni kingine. Faili nyingi za zamani zilitengenezewa runinga zile za mgongo mkubwa, zenye umbo la 4:3. Runinga ya leo ni 16:9, na ikiachwa ijiamulie hulivuta umbo hilo kujaza skrini. Kila kitu kinakuwa kipana kwa theluthi moja. Badilisha umbo la picha kwa rimoti urudi 4:3, uvumilie nguzo nyeusi pembeni. Watu wengi huona nguzo nyeusi wakadhani wanapunjwa picha. Ni kinyume. Ukinyoosha au kukuza ili nguzo zitoke, ndipo unapoharibu au kukata.

Kuhusu diski zenyewe nitasema lililo muhimu. DVD halisi ya mfumo wetu ina mistari 576 kutoka juu hadi chini, Blu-ray ina 1080. VHS ilikuwa hafifu zaidi kuliko zote, na kwenye kanda hutaona alama ya kidole hata ukitafuta. Lakini adui mkubwa kwetu amekuwa diski ya kunakiliwa yenye filamu nane au kumi kwa pamoja. Ili zitoshe, kila filamu inabanwa, na programu ya kubana huanza kutupa vitu vidogo inavyodhani hatutavikosa. Kwenye filamu ya magari yanayolipuka inaweza kupita. Kwenye filamu ya udongo, vile vidogo ndivyo tulivyovijia: mistari ya ngozi, nyuzi za skafu, vumbi la banda. Uso wa Ginger unabaki kama sahani ya plastiki. Ukikutana na DVD halisi kwenye meza za mitumba, ichukue, ila angalia kinembo cha dunia chenye namba nyuma ya kasha. Kenya iko kanda namba 5, Uingereza 2, Marekani 1. Deki nyingi zinazouzwa hapa hucheza zote, lakini ile uliyoletewa na ndugu kutoka ng'ambo huenda ikachagua.

Sasa lile la watoto, kwamba ni AI. Mwaka 2000 hakukuwa na programu ya kuchora filamu kwa kuamrishwa kwa maneno. Kompyuta ilikuwapo na ilitumika, na si haki kulificha hilo. Kuku akiruka, anashikiliwa na waya au fimbo, na fimbo hiyo hufutwa kwenye picha kwa kompyuta. Lakini kuku mwenyewe alikuwapo, ana uzito, ana kivuli kilichoanguka kwenye meza ya kweli. Studio hiyo hiyo ilipotengeneza Flushed Away mwaka 2006, hadithi ya panya kwenye mabomba ya maji machafu, iliamua kutumia kompyuta kwa filamu nzima, kwa sababu maji mengi na udongo wa mafuta havipatani kwenye meza ya kupigia picha. Hata hivyo mafundi walijitahidi panya wale waonekane kama wa plastisini, na midomo ibadilike ghafla kama inavyobandikwa kwa mkono. Mwoneshe mtoto filamu hizo mbili jioni moja, umuulize ni ipi iliyoguswa. Watoto hugundua upesi.

Kwa mzazi anayejiuliza kama inafaa

Watu husema "ni katuni ya watoto tu" na kuwaacha mbele ya skrini. Chicken Run ni ya familia, lakini ina uzito. Shamba la Tweedy, lililowekwa Yorkshire miaka ya 1950, limejengwa kama kambi ya wafungwa wa vita: ua wa waya, mabanda yenye namba, ukaguzi wa asubuhi. Waongozaji walichota wazi kwenye filamu za Vita vya Pili vya Dunia kuhusu mateka wanaochimba mashimo ya kutorokea, na banda la akina Ginger ni namba 17 kwa heshima ya filamu mojawapo. Mapema kabisa kuku aitwaye Edwina anagundulika hatagi tena. Anachukuliwa. Hatuoni damu, tunaona kivuli cha shoka kikipanda ukutani, na wenzake wakisikiliza.

Mtoto aliyekulia Vihiga au Bungoma ameona ingokho, yaani kuku kwa Kiluhya, akichinjwa mgeni alipofika, na pengine yeye ndiye aliyetumwa kumkimbiza. Usidhani kwa hiyo hatashtuka. Nimeona watoto kama hao wakinyamaza kabisa kwenye kivuli kile, kisha wakauliza maswali mazito kuliko wenzao wa mjini wanaomjua kuku akiwa ndani ya friji. Mmoja alitaka kujua kama kuku wa kukhu wake, yaani nyanya yake, nao huhesabu mayai yao. Keti nao dakika hizo kumi za mwanzo. Baada ya hapo Rocky anaanguka kutoka angani, vicheko vinaanza, na mashine ya Bi. Tweedy ya kuwageuza kuku kuwa pai inapowashwa watakuwa wamekukalia mapajani.

Tena wengi watataka kujaribu wenyewe, na hilo linawezekana kwa simu uliyo nayo. Kuna programu ya bure iitwayo Stop Motion Studio inayopiga na kupanga picha, na inaonyesha kivuli cha picha iliyopita ili mtoto aone amesogeza kiasi gani. Tumia plastisini ya shule, kuku mdogo mnene mwenye miguu mifupi, kwa sababu mwenye miguu mirefu ataanguka kabla ya picha ya tano. Weka programu kwenye picha 12 kwa sekunde. Simu isiguswe kabisa: iegemeze kwenye stuli na uizuie kwa mawe au vitabu, maana ikihama hata kidogo chumba kizima kitaruka. Funga pazia utumie taa ya stima. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu likipita, na kwenye filamu utaonekana kama mtu anawasha na kuzima taa. Stima ikipotea katikati, acheni kila kitu kilipo hadi irudi. Na mtoto akisahau mkono wake ndani ya picha, aifute hapo hapo kabla hajamsogeza kuku tena, kwa sababu akiendelea, ile mikao iliyopita hataweza kuirudia.